Siku Elfu za Baba na Kichekesho Kimoja

Jumatatu, 7 Novemba

Nimerudi Solo kwa Mama na mabegi mawili, kipaza sauti kimoja na mswada wa kurasa mia mbili na kumi. Mvua ilinipokea stesheni ikanisindikiza hadi mlangoni. Mama hakunipokea. Alikuwa jikoni anatwanga manjano ya jamu yake ya kesho, ile dawa ya mizizi anayoiuza kwa glasi, akaangalia viatu vyangu kwanza, uso baadaye.

"Vua. Unaniletea matope ya Jakarta."

"Matope ni ya uchochoro wako huu huu, Mama. Kule sisi tuna lami."

"Si ungebaki kwenye lami."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu baada ya miezi kumi na minne. Nikavua viatu, nikaingia chumba changu cha zamani, nikakuta amekijaza chupa za jamu hadi kitandani.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenipigia makofi. Miaka tisa nimesimama jukwaani kuwachekesha watu, na vichekesho vyangu karibu vyote ni Mama Sukinah: baiskeli yake, chupa zake, mdomo wake. Kumbi zilipofungwa mwaka wa korona nikahamia kwenye podikasti na mwenzangu Danang, na huko ndiko nilikopata jina. Sasa nimeandika kitabu, na mwanasheria wa wachapishaji amesoma akashtuka. Anasema kitabu kizima ni mtu mmoja aliye hai, tena kwa jina lake, kwa hiyo lazima yeye mwenyewe atie sahihi ya ruhusa juu ya stempu ya serikali. Mwisho ni tarehe kumi Februari. Bila sahihi, hakuna kitabu. Nimemtangaza mama yangu nchi nzima bila kumwuliza, na leo nimefunga safari kuja kumwuliza. Naona aibu, na aibu inanitia hasira.

Jumatano, 9 Novemba

Mvua. Nimejigonga kidole cha mguu kwenye kitu kizito kilichofunikwa gunia, nyuma ya nyumba njia ya kwenda bafuni. Mama kasema nisikiguse. Nani ana hamu nacho?

Jumapili, 20 Novemba

Leo nimempa mswada na karatasi ya ruhusa, stempu imeshabandikwa, kalamu juu yake. Nilidhani ataitupa. Akavaa miwani, akaketi kwenye kiti cha Baba, akasoma ukurasa wa kwanza kidole kikifuata mstari. Alisoma muda mrefu sana. Kisha akafunga.

"Ukurasa wa kwanza una kosa."

"Kosa gani?"

"Si wewe ndiye mwandishi? Litafute."

"Mama, ukitia sahihi nitarekebisha chochote unachotaka."

"Rekebisha kwanza, ndipo nitie."

Ukurasa wa kwanza ndio wenye kile kichekesho. Hata watoto wa shule wanakijua. Nilikitoa kwenye podikasti siku ya saba baada ya Baba kufa, Ramadhani ile barabara zilipofungwa na Baba akazikwa mimi nikiwa Jakarta. Kinasema hivi: "Baba yangu alifariki dakika tano kabla ya kufuturu. Alikuwa amefunga kutwa nzima, akanusa kolaki ya Mama inachemka jikoni, akainua mikono akasema: Ee Mola, nichukue sasa hivi."

Kolaki ya Mama ni ndizi tu kwenye tui na sukari ya mnazi, na ni tamu. Ila tamu haichekeshi.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimeandika upya ukurasa wa kwanza. Baiskeli ya Mama nilisema ya buluu, kumbe ni ya kijani. Nikampelekea.

"Bado lipo," akasema, hata chai yake hakuiweka chini.

Jumamosi, 10 Desemba

Mvua wiki nzima, nguo zinanuka. Nimebadilisha umri wa paka. Bado lipo. Nimebadilisha idadi ya chupa anazobeba, kutoka kumi hadi nane. Bado lipo. Nimemwambia ananifanyia makusudi kwa chuki. Kasema, "Chuki ninayo, lakini kosa pia lipo."

Danang kapiga simu jioni. Anataka turekodi kipindi hapa Solo mbele ya watu, ukumbini, mimi nisome sura ya kwanza. "Mji wa nyumbani, dada! Watalia na watacheka. Nipe tarehe ya mwanzoni mwa Februari."

Februari kuna siku ya elfu tangu Baba afe, ambayo kwetu husomewa hitima, na mimi si mpumbavu. Nikatoa cheti cha kifo: Jumatano, tarehe 13 Mei. Nikahesabu kwa vidole kama Baba mwenyewe alivyonifundisha: siku ya elfu huangukia siku ya sita ya juma ukianza na siku ya kifo, na siku ya tano ya juma letu la soko, lile la siku tano. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumatatu tarehe sita. Basi hitima itasomwa jioni ya kuamkia hiyo Jumatatu, yaani Jumapili tarehe tano baada ya isha. Nikamwambia Danang aweke Jumatatu jioni. Jumapili nimkumbuke Baba, Jumatatu nifanye kazi. Nilijipongeza kwa mahesabu. Mama sikumwuliza. Kumwuliza Mama kitu siku hizi ni kutoa shavu.

Jumanne, 20 Desemba

Mteja mmoja wa jamu amenitambua mlangoni. "Wewe si yule wa kolaki?" Akacheka mpaka glasi ikamwagika. Mama akampokonya ile glasi ikiwa na nusu yake, akaisuuza.

"Nenda kanunue mbele huko," akamwambia.

Huyo ni mteja wake wa miaka ishirini. Nikamwambia Mama amemkosea mtu bure, alikuwa anacheka tu.

"Na wewe ungependa nimkaribishe kolaki?"

Jumapili, 1 Januari

Bado lipo.

Ijumaa, 13 Januari

Tangazo limetoka. Picha yangu kubwa, mdomo wazi, nimeshika bakuli. "Wening Arumdati arudi nyumbani. Jumatatu tarehe 6 Februari, saa moja jioni." Wazo la bakuli ni la Danang.

Bi Warti, jirani wa ukuta kwa ukuta, kanisubiri uchochoroni na mwavuli wake.

"Mwanangu, nimeona picha. Yaani mmeamua siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Kuna tatizo, Bi Warti?"

"Mimi niseme nini? Wewe ndiye msomi. Usomi wa namna hiyo sisi ulitupita."

Nilidhani analalamikia kisomo chao cha akina mama cha kila Jumatatu. Nikamwambia wahamishie Jumanne, Mungu yupo hata Jumanne. Akanitazama kama niliyemtemea mate, akaenda zake. Na iwe hivyo. Bi Warti ndiye aliyenipigia simu kunipa taarifa ya msiba, na tangu siku hiyo anajiona ana hisa ndani ya familia yetu.

Jumatano, 25 Januari

Siku ya tatu leo Mama anapika wali wa mtu mmoja. Sufuria lile lile, moto ule ule, kikombe kimoja cha mchele. Nikimwuliza anasema, "Watu wa tangazo hawana njaa."

Nimekula tambi za pakiti. Usoni pa Mama hakuna hasira tena, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu akinigombeza najua pa kumjibu. Anapita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya lile gunia la nyuma, ambalo nimeligonga kwa kidole cha mguu leo kwa mara ya nne.

Alhamisi, 2 Februari

Danang amefika, yuko hotelini. Viti vyote vimeshachukuliwa. Sahihi bado. Mhariri wangu Ratri ananiuliza kila asubuhi, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Jumapili, 5 Februari

Nimetulia kidogo, naweza kushika kalamu.

Jana na leo nilikuwa hotelini na Danang tukifanya mazoezi. Alasiri nikamwambia naondoka, leo ni hitima ya Baba. Nikanunua ushungi mweupe njiani, nikanunua na matunda ya kupeleka, kikapu kizuri. Mvua ilikuwa imekatika. Nikaingia nyumbani nimejitayarisha kugombana kuhusu kuchelewa kwangu.

Mkeka haukutandikwa. Viti havikutolewa. Mama yuko jikoni peke yake, ameloweka mchele kwenye beseni kubwa, anamenya ndizi.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Watu gani?"

"Wa hitima. Hitima ya Baba ni leo."

Akageuka. Kwa miezi mitatu hakuwa amenitazama namna hiyo. Akaangalia ushungi, akaangalia kikapu.

"Nani kakwambia leo?"

"Nimehesabu. Jumatano, sita kwa tano. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Jumatano ipi?"

"Mama, cheti kinasema Jumatano."

"Cheti!" Akatupa kisu kwenye beseni. "Cheti kaandika kijana wa ofisini, kwake yeye siku inageuka saa sita za usiku. Na wewe umezaliwa ofisini? Siku inageuka wapi, wewe mtoto? Sema. Inageuka wapi?"

"Magharibi," nikasema.

"Haya."

Nikabaki nimesimama na kikapu. Najua siku inageuka magharibi. Kila mtu mtaani kwetu anajua, mtoto wa miaka sita anajua. Baba akifa Jumatano kabla ya jua kuzama, ni Jumatano. Akifa baada ya magharibi, tumeshaingia Alhamisi, na elfu yake ni Jumanne, na hitima ni Jumatatu jioni. Nimehesabu vizuri kabisa kutokea siku ambayo siyo.

"Lakini alikufa kabla ya kufuturu," nikasema. Nilisikia sauti yangu inavyotoka, na niliijua. Ilikuwa sauti ya jukwaani.

"Nani kakwambia?"

Nikafungua mdomo kusema Bi Warti. Lakini Bi Warti alisema hivi tu kwenye simu: "Baba yako hatunaye, mwanangu. Jioni hii, saa za kufuturu." Basi. Zile dakika tano niliziweka mimi. Kichekesho kilizitaka. Mtu aliyefuturu akashiba akafa hachekeshi, sharti afe na njaa. Nimekisema mara nyingi mno mpaka nikakiamini, nikakifanya tarehe, nikakikodia ukumbi.

Mama akakaa kwenye kigoda. Alisema taratibu, bila kulia, kama anayehesabu chupa.

"Adhana ilikwisha. Alikunywa maji. Nikamlisha kolaki kwa mkono wangu, maana wake ulikuwa unatetemeka. Vijiko vinne. Kile cha nne akakitafuna polepole, akaniambia, 'Leo umezidisha sukari, Sukinah.' Nikamwambia nyamaza ule. Akaegemea ukuta pale. Nilidhani amenyamaza kwa sababu nimemwambia anyamaze."

Tukasikia maji yanadondoka kutoka kwenye paa.

"Sukari ilikuwa imezidi kweli," akasema. "Nilionja baadaye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Umewaambia watu wote, kila mahali, mpaka yule mzee wa duka la taa. Mimi hukuniuliza. Siku elfu, Wening. Hata siku moja hukuniuliza baba yako alikufaje. Nikasema sawa, ataniuliza akiandika kitabu. Ukaja na kalamu na stempu."

"Na tangazo? Ulidhani nimepanga makusudi?"

"Ulimwambia Warti siku hiyo hiyo. Ulimwambia tuhamishe Mungu Jumanne."

Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo kazi ninayoijua, na haikuja. Nitaandika na hili, sijawahi kulisema popote: wakati Bi Warti anapiga simu nilikuwa hewani na Danang, tunafanya mzaha juu ya watu wanaofuturu peke yao vyumbani. Simu iliita mara tatu nikaigeuza uso chini, nikaipokea kipindi kilipokwisha. Ndiyo maana sikuuliza saa. Niliogopa saa ingeniambia nilikuwa nacheka nini.

Nilitoka nyuma kunawa uso. Nikafunua lile gunia. Ni jiwe la kaburi, lile la kusimamishwa siku ya elfu ikitimia. Limekaa hapo tangu nilipokuja, jina la Baba limechongwa vizuri, na chini yake, siku ya juma na siku ya soko: Alhamisi Kliwon.

Jumanne, 7 Februari

Jana asubuhi nilimwambia Danang siendi.

"Watu mia tatu, Wening! Nitawaambia nini?"

"Waambie nina hitima ya baba yangu."

"Si ulisema jana?"

"Nilikosea."

"Unakoseaje mtu kufa?"

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Halafu akanitukana, nami nikamtukana, naye akasema atapanda jukwaani peke yake.

Kutwa nzima nilikuwa jikoni na majirani. Hakuna aliyenihurumia. Bi Warti alinipa nazi ishirini nikune na mbuzi isiyo na meno. "Kuna, mwandishi. Kuna na hiyo ya chini." Mwingine akauliza kama na hii nitaipeleka kwenye simu za watu. Wakacheka wote, na mimi nikiwa katikati yao nimeinama, vidole vinatoka damu. Mama alicheka pia. Nilimwona.

Baada ya isha wanaume walijaa barazani, imamu Mzee Jumadi akaongoza, tukaitikia kutoka ndani. Mvua ilikuja katikati ya dua, hakuna aliyeinuka. Nilifunga mafungu ya chakula ya wageni kuondoka nayo: wali, apem, vile vitumbua vya unga wa mchele, na bakuli dogo la kolaki. Mama alipita akaonja kolaki kwenye sufuria, akaongeza maji.

Leo asubuhi jiwe limesimamishwa. Nililibeba upande mmoja.

Jumatano, 8 Februari

Danang amerusha kipindi. Alikitoa kile kichekesho yeye mwenyewe, kwa sauti yangu, na mikono ameinua juu. Watu mia tatu wa mji wa Baba wakapasuka kwa kicheko. Nilitazama saa kwenye video. Saa ile ile Mzee Jumadi alikuwa anasoma, kilomita mbili kutoka hapo.

Nilikisikia safari hii nikiwa upande wa wanaochekwa. Kimetengenezwa vizuri, sitadanganya.

Nikampigia mhariri wangu, nikamwambia ukurasa wa kwanza nautoa. Ratri akaanza kunibembeleza.

"Wening, dada yangu, nisikilize. Watu watanunua kitabu hiki kwa ajili ya kolaki."

"Kolaki itakuwepo."

"Ile ya kuchekesha?"

"Ni ya uongo."

"Sasa nani alidhani ni kweli?"

Nikamwambia mimi. Kasema atauliza wakubwa, lakini nisiwe na matumaini.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeandika ukurasa wa kwanza mara kumi na moja. Adhana, maji, vijiko vinne, ukuta. Nimeandika pia simu niliyoigeuza uso chini, kwa sababu bila hiyo nitakuwa nimeficha tena kwa nini sikuuliza saa. Saa nne asubuhi nikampelekea Mama. Wakubwa wa Ratri hawajajibu, na huenda nimeua kitabu kwa mkono wangu. Nilimwambia hivyo. Hakusema pole.

Alivaa miwani. Kidole kikaenda na mstari, kikafika chini, kikarudi juu, kikashuka tena. Nje muuza tofu alipita na kengele yake na Mama hakumwita, ingawa ni siku ya tofu. Alipofika mwisho mara ya pili alikaa ameshika ile karatasi mapajani.

"Kosa?" nikauliza.

"Halipo."

Kisha akaitazama tena, midomo imebanwa, uso ule ule anaoutumia kupima jamu ya mtu mwingine.

"Umezidisha sukari," akasema.

Akavuta ile karatasi ya ruhusa, akachukua kalamu, akatia sahihi yake taratibu, herufi moja moja, nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi kama inavyotakiwa. Akanirudishia kalamu, akaenda kupika. Nilimsikia anapima mchele, vikombe viwili.